Sindano ya Pili ya Mama

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na ugonjwa wa walimu naujua: tukiulizwa jambo dogo, tunafuta ubao na kuanza somo zima. Ugonjwa huo nusura umuue mama yangu.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa nafundisha Gitega, na mama aliishi Muyinga, mtaa wa Waswahili, akishona kanzu na magauni ya harusi kwa cherehani ya miguu. Siku moja alinijia na uvimbe shingoni, mkubwa kama yai la kuku. Daktari wa hospitali alikata kipande, kikapelekwa kupimwa, kisha akaniita ofisini. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu, lakini ya aina inayosikia dawa. Sindano sita, moja kila wiki tatu, bila kuruka hata moja. Tukiruka, alisema, ugonjwa utarudi ukiwa mkaidi zaidi. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, na dawa zenyewe alizipata kwa kuhangaika sana.

Baada ya sindano ya kwanza mama alitapika siku mbili. Siku ya tatu akaomba uji, nami nikafurahi kupita kiasi. Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikaanza somo. Nilikuwa nimesoma habari hizo katika jarida la Kifaransa, na zilikuwa zinaniwasha ulimini. Nikamwambia kwamba seli za mwili zina vipokezi vya kifo kwenye ngozi yao. Ujumbe ukifika kutoka nje, vipokezi vitatu hukusanyika pamoja, na ndani vimeng'enya huamshana, kimoja kinamwamsha mwenzake, mpaka seli inakatwakatwa kutoka ndani. Inasinyaa, inagawanyika vipande vidogo, na majirani zake wanaimeza kimyakimya. Seli ya saratani haisikii ujumbe huo. Dawa hizi, nyingine kati yake, zinaifanya ianze kusikia.

"Kwa hiyo, mama, zinajiua zenyewe!" nilimalizia, kifua mbele.

Mama aliweka kijiko chini. Nilidhani ameshiba.

Akarudi Muyinga kumalizia nguo za harusi, tukiwa tumekubaliana siku ya kurudi. Siku hiyo nilimngoja kituoni tangu asubuhi. Msafara wa magari ulipofika, akashuka muuza vitambaa mmoja, jirani yake, akaniletea ujumbe wa mdomo: mama anakushukuru sana, lakini haji tena.

Nilikasirika. Kusema kweli niliogopa, lakini hasira ilikuwa rahisi zaidi kuibeba. Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikapanda gari. Siku hizo magari hayakwenda peke yake. Tulingoja wanajeshi wa kutusindikiza, na Gasorwe tulishushwa wote kukaguliwa vitambulisho. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumshinda mama.

Nilimkuta kwenye cherehani, shingo ameifunika kwa mtandio.

"Karibu, baba. Umekula?"

"Mama, sindano ilikuwa jana!"

"Mi siji," alisema bila kuinua macho. "We mwenyewe ulisema hiyo dawa iko inafanya seli zijiue. Kujiua ni haramu. Mais we unataka niikaribishe ndani ya mwili yangu?"

"Ni seli, mama. Si watu."

"Ziko hai?"

"Ziko hai."

"Alors?" Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Huku inje watu wanauana kila siku. Juzi tumezika watatu kwa mtaa huu. Oya, hapana, mwanangu. Ndani yangu hiyo kitu isiingie."

Nikapaza sauti. Nilimwambia atakufa kwa ujinga, neno ambalo hadi leo nikilikumbuka naona aibu. Mama akaendelea kushona, nami nikakaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa, nikitazama mikono yangu kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye. Hapo ndipo likanijia jambo ninalolifundisha kila mwaka.

"Mama," nilisema kwa sauti ya chini, "nilipokuwa tumboni mwako, mkono wangu haukuwa hivi. Ulikuwa kama mguu wa bata. Kati ya vidole kulikuwa na nyama. Seli za hapo ziliambiwa zife, zikafa, ndiyo nikapata vidole."

Aliacha kushona. Akauchukua mkono wangu, akapitisha kidole chake kati ya vidole vyangu, polepole, kimoja baada ya kingine.

"Nani aliziambia?"

"Seli jirani. Si kipokezi kile kile cha dawa, lakini mambo ni hayo hayo. Ujumbe unatoka nje, unabisha hodi."

"Zilijitakia?"

"Hapana. Zisipoambiwa zinabaki, na mtoto anazaliwa vidole vimeshikana."

"Ego, ni kweli. Nilimuona mmoja hivyo, kule Buraza." Bado alikuwa ameushika mkono wangu. "Basi hazikujiua. Ziliitwa, zikaitika. Sisi wote tutaitwa. Na hizi za shingoni?"

"Zinaitwa, zinajifanya viziwi."

"Hazina adabu!" alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Kisha akanipiga begani, na hakunipiga kwa utani. "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Uliniacha na hiyo neno siku zote hizi, nalala nayo, naswali nayo. Shule yote ile, na huwezi kuongea na mama yako?"

Nilimwomba radhi. Nikamwambia pia kwamba naogopa, jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata siku moja. Akasema na yeye anaogopa. Tukasubiri msafara pamoja.

Sindano ya pili ilichelewa siku tano. Daktari alinigombeza mimi mbele ya mama, naye alitikisa kichwa kumuunga mkono, kama vile hakuhusika. Nywele zake zilinyonyoka. Alikonda, akachoka, akagombana na uji wangu. Lakini hakukosa tena.

Siku ya sindano ya nne tulikuwa kwenye benchi la hospitali, tumebanana na wagonjwa wengine. Mama alifungua mtandio, akaniambia nimpime kabla ya daktari. Nikagusa shingo yake. Nikabonyeza. Nikahamia upande wa pili nikidhani nimekosea upande, nikabonyeza huko pia, kisha nikarudi.

"Unaniumiza," alisema. "Ni upande huo huo ulipoanzia."

Nilitafuta tena. Hapakuwa na kitu, ila ngozi laini ya shingo ya mama yangu na mshipa ukipiga chini ya kidole changu. Sindano mbili zilikuwa bado zinatungoja baada ya ile, na niliyajua yote yanayoweza kutokea. Nililia mbele ya benchi zima, wala sikumweleza mtu chochote.