Tiketi ya Bondeni, Geti la Kilimani

Nitawasimulia, ila mcheke taratibu, maana jambo hili lina zaidi ya mwaka sasa na bado likinijia nikiwa ndani ya lifti ya hospitali (kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa) najikuta nimefumba macho na kusema "aah!" kwa sauti, mpaka mgonjwa aliyelala kitandani ananiuliza mimi kama niko salama.

Sisi tunakaa kusini mashariki ya London, mahali penye stesheni mbili za treni zilizo karibu karibu, moja bondeni, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, na nyingine kilimani, jirani na ukumbi ambamo Watanzania wa huku tunakutana. Siku nilipokwenda kukata tiketi ya msimu, ile unayolipia mara moja ukasafiri nayo mwezi mzima, mama wa dirishani aliniuliza nitatumia stesheni ipi, nikamwambia ya bondeni, akaanza kunieleza kwamba hapa kwetu ziko tiketi za namna mbili, sasa nyuma yangu kuna foleni, mke wangu yuko pembeni ananitazama, na mimi ndiye yule ambaye wenzangu wananiita Ramani kwa kuwa najua kila basi na kila treni ya mji huu, nikamkatiza. "Najua, mama, najua." Akanitazama kidogo, akanipa kadi ya bondeni. Mkasa wote ulianzia hapo, kwenye nusu dakika niliyokataa kusikiliza.

Baada ya hapo, jioni moja moja nikawa nashukia kilimani, na kila mara nilikuta mageti yameachwa wazi, napita zangu. Nikajiambia, kumbe tiketi hii inafanya kazi kote. Sikumwuliza mtu yeyote.

Ingekuwa yangu peke yangu, basi. Lakini akaja Dada Upendo, mgeni kutoka Singida, mama mpole mwenye sauti ndogo, amepata kazi ya kutunza wazee na viza yake imefungamana na kazi hiyo hiyo. Siku moja ukumbini, mbele ya watu, akaniuliza, "Kaka Ramani, mimi nikate tiketi ya stesheni ipi? Asubuhi naondokea bondeni, ila jioni kilimani ndiko karibu na sokoni." Jamani, kuulizwa mbele ya watu ni utamu! Nikasimama kabisa. Nikamwambia akate ya bondeni, itampitisha stesheni zote mbili, asibabaishwe na watu wa dirishani. Akashukuru kwa kupiga goti kidogo, kama kwetu. Akaenda kukata.

Sasa ikafika Jumapili ya ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu Elia, kule Stratford, na mimi ndiye baba wa ubatizo. Tulikutana ukumbini asubuhi, mimi na suti yangu, mke wangu, Dada Upendo na wengine watatu, na sufuria la pilau limefungwa kwenye kanga, tukaenda stesheni ya kilimani, mimi mbele. Siku hiyo mageti yamefungwa. Nikagusisha kadi, ikawaka taa nyekundu. Nikaifuta kwenye suruali, nikagusisha tena. Nyekundu. Nikageuka nikawaambia wenzangu, "Mashine za huku zinataka kujiamini," nikaigandamiza kama mtu anayepiga muhuri. Nyekundu. Nyuma yangu Upendo naye amejaribu geti la pili, nyekundu vilevile, na sufuria la pilau limekwama katikati yetu, watu wanapita pembeni wanaligonga.

Akaja mzee wa getini, mtaratibu, miwani imening'inia kifuani. Akaisoma kadi yangu kwenye kimashine chake, akasema, "Hii ni ya stesheni ya bondeni. Hapa haifai."

Mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nikaanza kumfundisha kazi! Nikamwambia nimepita hapa mara nyingi, nikamwambia stesheni hizi ni jirani, nikamwambia nimekaa mji huu miaka mingi. Aliniacha nimalize, kisha akanipeleka kwenye ramani ya ukutani (ramani, mimi!) akanionyesha kwa kidole: anayekata ya kilimani anaruhusiwa kutumia na ya bondeni, lakini anayekata ya bondeni haruhusiwi hapa. "Wangekueleza dirishani," akasema. Mke wangu akatazama viatu vyake. Treni yetu tukaisikia chini ikiondoka.

Hapo bado nilikuwa naona aibu ya kawaida tu. Iliyo mbaya ikaja baadaye, pale Upendo aliponisogelea, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Kaka, mimi wiki hii nimeshukia hapa mara mbili. Nimevunja sheria? Wataniandikia faini? Viza yangu je?" Na yule mzee, kwa upole tu, akamwuliza kwa Kiingereza, "Nani alikushauri ukate hii?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, mimi. Nikaanza kukagua vifungo vya koti langu.

Upendo akanitazama, kisha akamjibu, "Nilisoma vibaya mwenyewe."

Yule mzee hakumwandikia mtu faini. Alituambia tukate tiketi za siku ile, na kesho twende dirishani tukabadilishiwe kadi. Treni iliyofuata ilikuja baada ya nusu saa, na njia nzima Upendo alikaa amepakata sufuria, hakunilaumu, hata hakununa, na laiti angenifokea ningepumua.

Tulifika Stratford maji ya ubatizo yameshamwagwa. Mahali pangu alikuwa amesimama shemeji yake Elia, amemshika mtoto, mshumaa unawaka. Wakati wa chakula Elia akaja, anacheka lakini macho hayacheki, "Ramani, leo umepotea wewe?" Meza nzima ikageuka. Ningeweza kusema treni zilichelewa, na kila mtu angeamini, maana Jumapili huku treni zina mambo yake. Nikamwona Upendo ameinamia sahani, anangoja kusikia nitasemaje.

Nikasimama. Nikasema sikupotezwa na treni, nilikata tiketi isiyofaa kwa kukataa kusikiliza, nikamshauri Dada Upendo ujinga wangu kama ni sheria, na alipoulizwa getini nilimwacha aubebe peke yake. Watu walianza kucheka, wakaacha katikati. Elia akaniwekea mkono begani. Upendo akasema tu, "Kaeni mle, pilau linapoa."

Jumatatu tulikwenda dirishani pamoja. Nilimwomba yeye ndiye aulize. Akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole, foleni ikangoja na wala hakuna aliyekufa, na maswali yake mawili mimi yasingenijia kamwe: je, akibadilisha katikati ya mwezi siku zilizobaki zinahesabiwa, na je, Jumapili ni sawa na siku nyingine? Alijibiwa yote. Kadi zetu zote mbili zikabadilishwa kuwa za kilimani.

Tangu siku hiyo nimeapa: nisichokijua nitasema sikijui, hata kama nimeulizwa mbele ya ukumbi mzima. Na Upendo amenisamehe, ameniambia kwa kinywa chake, na ninamwamini. Ila mwezi uliopita aliniuliza basi la kwenda Lewisham, nikamwambia, akasema asante kaka, na basi lilipofika nikamwona anamwinamia dereva, anamwuliza.