Antena ya Mama Nassibu

Chausiku, Mama Nassibu, hajui kunyima. Tangu aolewe Segese hajawahi kumrudisha jirani aliyekuja kuomba chumvi, na ukimfuata kwa kaa moja la moto atakuwekea mawili. Basi kwa kuwa mlingoti wa antena yake ulikuwa mrefu kuliko yote mtaani, wapangaji wake wa vyumba vitano wakaomba nao waunganishiwe ving'amuzi vyao, na akakubali kabla hawajamaliza kusema. Fundi alipofunga kifaa cha kugawa waya akamwonya kwamba mawimbi, kila ukiyagawa, yanapungua. Chausiku akacheka. Moto wake umewasha majiko ya mtaa mzima na haujapungua hata siku moja. Mafundi nao wana maneno.

Miaka miwili picha iligandaganda, nyuso za watu zikikatika vipande, naye akavumilia. Mpaka Jumanne ile shimo la dhahabu lilipoporomoka huko upande wa Geita, wachimbaji tisa wakabaki chini, na mmoja wao alikuwa Nassibu, mwanawe wa pekee.

Mumewe alipanda pikipiki akaenda huko, na tangu afike simu yake haikupatikana tena. Siku ya tatu, mchana, televisheni ikatangaza kwamba waokoaji wamewafikia wachimbaji na wanaanza kuwatoa mmoja mmoja. Mwandishi akafungua kinywa kutaja jina la kwanza, picha ikaganda.

Chausiku akatoka mbio mpaka uani, hata ndala hakuvaa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akazing'oa zile nyaya tano za wapangaji, kisha akapaza sauti: "Njooni kwangu wote. Hapa itaonyesha."

Wakajaa sebuleni. Ubavuni pake alikaa Salome, mpangaji wa chumba cha nne, ambaye mumewe Deusdedit alikuwa shimo moja na Nassibu. Wakashikana mikono. Picha sasa ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mwandishi. Wa kwanza akatolewa, hawakumjua. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa Deusdedit, vumbi tupu, anatembea kwa miguu yake.

Salome akaangua kilio. Chausiku akamkumbatia, akamwambia, "Mungu mkubwa, mwanangu," na alisema kweli, ingawa wivu ulimchoma mpaka akajionea aibu.

Salome akafuta machozi. "Mama Nassibu, nirudishie waya wangu kidogo tu. Mama yake Deo yuko kule chumbani kwangu, hawezi kutoka kitandani, siku ya tatu leo anauliza. Amwone mwanawe kwa macho yake."

Ombi lenyewe dogo. Mama anataka kumwona mwanawe. Nani wa kumwelewa kama si Chausiku? Sebule nzima ikamtazama, na wote walilijua jibu lake, maana hawajawahi kulisikia lingine.

"Hapana," akasema Chausiku. "Kamwambie mimi nimemwona, mzima. Wangu bado yuko chini."

Salome akasimama mlangoni kama anayengoja neno la pili. Halikuja, akatoka. Chausiku hakumtazama mtu. Kwenye televisheni wa nne alikuwa anatolewa, naye hakuwa Nassibu.