Mwiba Katika Kisigino cha Mama

Mama yetu Domitille tulimzika Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, siku ambayo magari hayakupita kwa sababu ya risasi. Wengi walidhani naye ameuawa na vita, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza kila mmoja. Aliuawa na doa lililokuwa chini ya kisigino chake cha kulia. Naandika ili wajukuu wake wajue, na ili watu wa mwambao huu wazitazame nyayo zao.

Alitoka Kivu ya Kusini akiwa msichana, akaolewa hapa Burundi, akafiwa na mume, akatulea mimi na kaka yangu Darius kwa mawese. Alinunua vishada vya chikichi, akachemsha, akakamua, akauza mafuta sokoni. Hakuwa mtu wa kukaa. Hata akisali alisimama mlangoni, jicho moja barabarani. Vita vilipofika kwenye milima iliyo juu yetu, akaanza kulala na raba miguuni, kamba zimefungwa. Sote tulilala hivyo. Milio ikianza unashuka ziwani, hutafuti kiatu.

Kwa hiyo unyayo wake hakuna aliyeuona. Yeye alijua pana kitu cheusi, akasema ni mwiba wa mchikichi umevunjikia ndani. Kila mtu wa mawese anaijua miiba hiyo: inaingia, inakatika, inaacha alama nyeusi. Na dawa yake tunaijua: unachokonoa kwa sindano, unadondoshea mawese ya moto, unafunga kitambaa, mwiba unatoka wenyewe. Mama alichokonoa. Ilitoka damu tu. Akadondoshea mafuta, akangoja, akachokonoa tena.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu, wanawake kwa wanawake. Sabato moja nilipiga magoti mbele yake na beseni. Akavua raba ya kushoto, ya kulia akaiacha.

“Osha huu, unatosha.”

“Mama, Bwana aliosha miguu yote miwili.”

Wanawake wakacheka, naye akavua kwa hasira. Doa lilikuwa limeenea upana wa kifuniko cha chupa, jeusi kama wino upande mmoja, kahawia upande wa pili, ukingo umekatikakatika, na katikati likitoa majimaji. Nililisugua kwa kidole nikidhani ni masizi. Halikutoka. Sikumbuki mahubiri ya siku hiyo.

Jioni jirani yetu Hadjara, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliingia uani bila kubisha, kama kawaida yake.

“Amahoro, mama Darius. Nasikia una mguu wa siri.”

“Ni mwiba.”

“Mwiba gani huo unaota kama muhogo? Mimi natawadha mara tano kwa siku, nyayo zangu nazijua kuliko uso wa mume wangu.”

“Uso wa mume wako nani anataka kuutazama?”

Walicheka mpaka mama akajifuta machozi. Kisha Hadjara akanivuta pembeni, akaninong'oneza: “Keren, mupeleke kesho. Hicho si kitu cha kucheka.”

Muuguzi wa zahanati, Sylvestre, aliushika mguu muda mrefu karibu na dirisha.

“Watu wanadhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ya wenye ualbino,” alisema. “Kwetu inajificha: kwenye nyayo, viganja, chini ya kucha. Doa likikua, likiwa na rangi mbili, likitoa damu, usilichokonoe, lilete. Mama, nenda Bujumbura wakate hili sasa hivi.”

“Wakikata kisigino, nitakimbiaje?”

Wiki hiyo bibi kizee wa mtaa wa juu alikuwa ameuawa kitandani kwake, kwa sababu hakuweza kukimbia.

Nilimwomba Mungu ampe mama moyo wa kwenda. Mama alimwomba Mungu vita viishe kwanza. Tuliomba chumba kimoja, kila mmoja lake, na doa likaendelea kukua. Alikubali baada ya kupata uvimbe kwenye kinena. Tulipanda basi dogo, tukangoja wanajeshi wafungue barabara. Muhuta tulisimamishwa, Kabezi tulisimamishwa, na kila mara mama alitaka kushuka atembee.

Daktari alilikata doa na nyama ya kisigino. Alipopapasa kinena akasema ugonjwa umekwisha kupanda. Lingeletwa likiwa dogo, pengine kulikata kungetosha.

Mama alirudi na magongo, na wasiwasi wake wote akauhamishia kwenye miguu yetu. Kila aliyeingia uani alivuliwa viatu. Alitazama unyayo, akatenganisha vidole, akakagua kucha, akageuza viganja. Hadjara alikaguliwa, akalalamika kwamba hata forodha hawapekui hivyo. Darius, mvuvi mwenye watoto wake, ndiye aliyemkwepa. Akimwona mama ameketi, alipitia nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja akanaswa. Mama alikuwa ameupakata mguu wa kulia wa Darius, akiusugua kwa kitambaa kibichi, milio ilipoanza upande wa milima. Watu wakamiminika barabarani kuelekea ziwani, Hadjara akiita majina ya wanawe. Darius akaruka na kuivaa raba ya kulia.

“Mama, panda mgongoni, twende!”

“Keti.”

“Wanakuja, mama!”

“Wanakuja kila wiki. Wa kushoto sijauona.”

Alimshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, ile mikono ya kukamua mawese, na Darius mwenye kifua cha kuvuta nyavu hakuweza kujinasua. Mimi nilisimama mlangoni na godoro kichwani, nikipiga kelele nisijue nimpigie nani. Mama akaushusha uso mpaka pua yake ikakaribia kugusa unyayo. Akatazama kidole kwa kidole, polepole, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kufanya kitu polepole.

“Safi,” akasema. “Sasa nibebe.”