Kiganja cha Fundi

Fundi wetu wa boti hashiki spana kabla ya kushika unga. Huukuta chini ya kapilingi, pale injini inaposhikana na shafti ya rafadha: unga mweusi wa mpira uliolika. Huusaga kwa vidole, akaunusa. Hata siku tuliyokuwa tukimpeleka Mwanaidi hospitali ya Kibiti, uchungu umemshika tangu alfajiri, alifanya vilevile. Boti ilikuwa imetetemeka njia nzima, mwishowe rafadha ikagoma kuzunguka, tukapiga pondo hadi kwake, maji yakatupwea hapo. Akabadilisha mpira upesi, kisha akaketi.

“Malizia kabisa, fundi, maji yakija tuondoke,” alisihi Twalha, mume wa Mwanaidi.

“Boti ikikalia tope hujipinda, bwana. Nikiinyoosha injini sasa, mkielea itapindika tena, na mpira huu hautawafikisha. Ngojeni ielee.”

Tukangoja. Alikuwa akifuta spana ileile, safi tayari. Boti ilipoelea, akaanza kupitisha wembe kati ya visahani viwili vya kapilingi kupima mwanya, juu, chini, ubavuni, akilegeza boliti na kuzikaza. Nyuma yake wanawake waliomsindikiza wakamfunika Mwanaidi uso. Aliwaona. Akainama, akapitisha wembe tena.

Injini ilipowaka aliweka kiganja ubaoni, kama kawaida yake, akakiacha hapo mpaka boti ikamponyoka. Twalha aliigeuza kuelekea kisiwani, nyumbani. Haikutetemeka hata kidogo. Ilikwenda kwa upole mno, hata fundi aliyebaki amesimama majini alisikia vilio vyetu vyote.