Njia ya Uongo ya Kwenda Gety

Nilijifunza Kiingereza peke yangu, kwa simu na kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Kuandika niliweza. Kusema, hapana: kila sentensi niliikagua kichwani mpaka aliyeniuliza akachoka kungoja. Na shirika moja hapa Bunia lilikuwa limeniita kwa mahojiano ya kazi ya ukalimani juma lililofuata. Kule hakuna anayekungoja.

Ndiyo maana niliingia darasa la alasiri katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu, mgeni kutoka Kisangani, hakuandika sarufi hata mstari mmoja. Nilidhani haijui. Kisha akatoa zoezi: tukae wawili wawili, mmoja aeleze kwa Kiingereza njia ya kutoka kwao hadi Bunia, mwingine aichore. Karatasi angezikusanya yeye.

Mwenzangu, mama mshonaji aliyekimbia vita kule Bule, akaniinamia.

"Anatafuta njia za kwetu juu ya nini? Nani alimutuma?"

"Sijui, mama. Pengine ni zoezi tu."

"Zoezi! Weye mutoto, vitabu vitakuua. Ile njia, siye tulipita na watoto ku mugongo. Mi sitaipa mutu."

Kwetu ni Gety. Nikaamua kudanganya. Nikaanza kwa Kiingereza: kuna daraja, halafu soko, halafu msitu. Mama akachora huku akicheka, na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akaanza kunibana. Daraja la mbao ama la chuma? Nani analilinda? Mbona mto umehamia nyuma ya soko? Nikajenga daraja la pili hapohapo. Nilijisikia nikikosea vitenzi, lakini swali jingine lilikuwa limeshafika, sikupata nafasi ya kurudi nyuma.

Mwalimu alipotufikia, aliutazama mchoro kwa makini.

"Hii barabara sijapata kuisikia," alisema. "Lakini weye, leo nimekusikia."

Akanyoosha mkono. Mama akaivuta karatasi, akaikalia.

"Hii inabaki hapa, mwalimu."

Hakubisha. Aliondoka tu, na hilo likanitia shaka zaidi: kama hakuihitaji, kwa nini aliiomba?

Kwenye mahojiano nilijibu bila kusita, makosa na yote. Kazi niliipata. Mwalimu yule bado simwamini.