Vumbi la Mabomu Baharini

Miaka ile ya soko huria nilikuwa mwalimu wa jiografia Dodoma. Siku moja mkaguzi wa shule alinikuta darasani nikieleza ubaoni kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliangusha vumbi lenye mionzi baharini, na wataalamu hulifuatilia wajue maji ya juu huchukua miaka mingapi kufika vilindini.

“Futa hayo, mwalimu,” akasema. “Watoto wa wakulima hawa hata bahari hawajaiona.”

“Hata mimi sijaiona, mzee. Nimezaliwa Busi, huku huku bara. Lakini nimeielewa.”

Akanyoosha mkono achukue dasta. Nikaishika mimi, nikaendelea kufundisha mpaka kengele ilipolia.

Aliniandikia barua ya onyo. Niliisoma, nikaitia kwenye droo, kisha nikaenda kufundisha somo lile lile mkondo B.