Posa kwa Tingatinga

Mchumba wa Petronilla alitoka Kocholia hadi Malaba akiendesha tingatinga kuukuu, kwa sababu baiskeli, kama ijulikanavyo, haiwezi kuangusha ua wa wakwe. Alilinunua kama chuma chakavu, na lilimzidi Petronilla umri. Alilipangusa vumbi kabla hajasalimia mtu. Amongin, mama wa binti, hakuruhusiwa na mila kuonana naye uso kwa uso, hivyo alimchungulia kutoka jikoni kupitia ufa wa mlango. Aliona vidole vyenye grisi hadi kwenye kucha vikizungusha tonge la ugali kana kwamba ni nati. Kila lori lilipopita kwenda Uganda, mgeni alinyamaza katikati ya neno na kutega sikio.

“Bedford hiyo, mzee,” alimwambia baba wa binti kwa sauti ya kubembeleza. “Ya zamani. Sikia anavyopumua.”

“Mtoto wangu atalala wapi?” Amongin alimnong’oneza dada yake. “Chini ya mashine?”

“Angalau haitavuja.”

Amongin aliapa kwamba jioni hiyo angemwambia mumewe aikatae posa. Mara mvua ikaanza. Mgeni aliruka na tonge mdomoni, akavua koti lake la heshima, akakimbia kuliziba nalo bomba la moshi la tingatinga maji yasiingie kwenye injini. Amongin alifurahi, sasa binti amejionea mwenyewe. Aligeuka amtazame. Petronilla alikwishamimina mboga yote kwenye sinia na kutoka mbio na sufuria tupu.

“Vaa koti lako,” alimwita mvuani. “Funika na hii.”